Ripoti ya Bi Madodoso

Kwa mara ya tatu wiki ile, msimamizi alimwondoa bibi kwenye cherehani mbele ya watu.

"Ondoka hapo. Nenda kwenye vifungo."

Hakusema tafadhali. Hakusema hata mama, na kiwandani kote bibi huyo aliitwa Mama na wakubwa kwa wadogo. Bibi alichukua miwani yake, akahamia kiti cha kona, karibu na dirisha, akaanza kushona vifungo vya mashati kwa mkono. Msimamizi, mwanamke ambaye hata miaka thelathini na mitano hajatimiza, alikwishageuka.

Nyuma ya majora ya kitambaa, mhadhiri aliandika yote.

Alikuwa akija hapo miezi minane sasa, siku tatu kwa wiki, miguu imemvimba, mkoba umejaa madodoso, yale makaratasi yake ya maswali. Washonaji walishamzoea hata wakambandika jina: Bi Madodoso. Alichunguza wanawake wa rika mbalimbali kazini, na hasa jambo moja lililomkera miaka yote ishirini na miwili ya kufundisha: kwa nini mwanamke kijana akipewa cheo humgeukia mwanamke mzee? Mwenyewe alikuwa na sababu ya kuuliza. Uprofesa ulimpita mara tatu, na mkuu wa idara yake sasa alikuwa binti aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza, ambaye vikaoni humtaja kama "mmoja wa wenzetu wa zamani". Kila akimtazama msimamizi yule, aliiona sura ya mkuu wa idara.

Daftari lilijaa. Msimamizi alimnyima bibi zamu za usiku zenye malipo ya ziada, zilizogombewa na wote. Wingu likitanda, alimrudisha nyumbani kabla ya wengine, kama mtu asiye na faida. Chai ya saa nne hakunywa naye meza moja. Siku bibi alipokohoa mfululizo, alimpokonya shati mkononi, akamwambia kiwanda si hospitali, aende akatibiwe. Mhadhiri alipomuuliza juu ya bibi huyo, alijibu kwa mkato kwamba ni mfanyakazi kama wengine, akashika njia.

Bibi naye alikuwa msimuliaji mzuri: ujane wake, cherehani za kukanyaga za zamani, macho yaliyoanza kumsaliti. Lakini akigusiwa habari za msimamizi, kimya kama maji mtungini. Mara moja tu alisema:

"Mwanangu, yule usimwandike vibaya. Kusimamia watu kuna mengi."

Mhadhiri aliandika pembeni: woga.

Ruhusa ya utafiti aliipata kwa mkurugenzi, mtu wa kanuni. Siku ya kwanza mkurugenzi huyo alimweleza kwa fahari jinsi anavyoendesha mambo yake. Haajiri ndugu wawili chini ya paa moja, na anayedanganya kwenye fomu huonyeshwa mlango. Mwaka uliopita shangazi na mpwa wake walitoka siku moja. Alichotaka yeye kwa mhadhiri ni nakala ya ripoti, basi.

Washonaji wote waliahidiwa kwamba hakuna atakayetajwa. Mhadhiri alipoketi kuandika, aliitimiza ahadi kwa namna yake: hakuweka jina. Aliweka tu "fundi mkongwe wa vifungo" na "msimamizi wa zamu ya asubuhi". Alijua fundi mkongwe wa vifungo ni mmoja. Alijua vizuri. Kalamu ilisita kidogo, lakini alikuwa amechoka mno kuanza upya. Isitoshe, alijiambia, yeye akinyamaza, nani atamsemea mnyonge?

Jumamosi asubuhi mkurugenzi akapiga simu. Alikuwa ameisoma ripoti yote. Alisema hakujua kama kuna ukatili wa namna ile chini ya paa lake, akashukuru sana, kisha akamwambia barua ya kumwachisha kazi msimamizi ameshaitia saini. Jumatatu atakabidhiwa.

Mhadhiri alikaa na simu mkononi. Makala ngapi ameandika, zikasomwa na watu wa kuhesabika kwa vidole? Leo karatasi zake zimemwokoa mtu. Alitaka bibi azisikie habari hizo kutoka kinywani mwake.

Anwani ilikuwa kwenye fomu ya ridhaa. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akisimama kila kona kuvuta pumzi. Bibi mwenyewe alimfungulia, akashtuka, kisha akakumbuka adabu na kumkaribisha. Sebule ilikuwa ndogo, safi, viti viwili na cherehani kuukuu iliyofunikwa shuka. Jikoni mtu alikuwa akiosha vyombo.

Mhadhiri hakutaka kumweka bibi wa watu roho juu. Alimweleza yote: ripoti, simu, barua, Jumatatu.

"Hatakusumbua tena, mama," alisema. "Yamekwisha."

Bibi hakucheka wala hakulia. Alishika ukingo wa kiti, akajishusha polepole. Jikoni bomba likafungwa.

"Umesema barua imeshatiwa saini?"

"Imeshatiwa."

Bibi aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama anayepokea salamu za msiba. Kisha akageuza uso kuelekea jikoni, akaita kwa sauti ndogo.

"Mwanangu. Njoo, kuna mgeni."

"Abee, mama," sauti ikaitika, na mlangoni akatokea msimamizi wa zamu ya asubuhi, mikono imejaa povu la sabuni.