Ndugu wa Ziwa Moja

Kabla ya kuwasikiliza walioomba fedha za utafiti za serikali, kila mjumbe wa jopo alitakiwa kutaja kama ana undugu na mwombaji yeyote, wa damu au wa ndoa. Mwenye undugu hutoka nje.

Dakta Zuwena aliandika "Sina". Faki, mmoja wa waombaji, hakuwa wa damu wala wa ndoa. Mamake alifariki akimzaa, na mama yake Zuwena akamnyonyesha. Maziwa hayakuulizwa.

"Tayari, Dakta?" mwenyekiti alimuuliza.

"Tayari."

Faki akaitwa. Aliingia na michoro yake ya visima, akawapa wajumbe mkono mmoja mmoja. Zuwena alimwomba Mungu, leo tu, kijana ampite kama mgeni. Lakini Faki alipomwona, uso ulimkunjuka. Akainama, akaubusu mkono wake kama alivyozoea tangu utotoni.

"Shikamoo, dada yangu."

Mwenyekiti akaivuta tena karatasi ya Zuwena, akatafuta miwani.

Faki alikuwa bado ameinama, ameushika ule mkono, anasubiri kuitikiwa.