Doa kwenye Kioo cha Saa

Saquina aliporudi Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kutoka masomoni Ujerumani Mashariki, alipokewa kwa vigelegele, na katibu wa chama akamwita kamarada, yaani ndugu wa chama, mbele ya watu. Lakini mtu wa kuzungumza naye habari za leza alizosomea hakumpata. Alasiri moja alimkalisha mama yake uani, akavua saa yake ya tarakimu.

"Tazama, mama. Ndani ya kioo hiki mna fuwele za kimiminika, chembe zinazotiririka kama maji lakini zimejipanga; ndizo zinazochora tarakimu. Kule tulikuwa tukizimulika kwa leza, mwanga uliokusanywa ukawa mdogo kama ncha ya sindano. Hapa tutumie jua."

Akatoa lenzi mfukoni, akaishika juu ya saa. Nukta ya mwanga ikatua kwenye kioo, na papo hapo doa jeusi likatanuka, likazimeza tarakimu.

"Umeiharibu!" mama akashtuka.

"Ni joto tu limezivuruga. Ngoja zipoe."

Wakainama, vichwa vikagusana. Doa likasinyaa polepole, kama maji yanavyokauka sakafuni, tarakimu zikajitokeza tena. Saquina akacheka kwa sauti.

Mama hakucheka. Alikuwa ameiacha saa, anamtazama binti yake usoni.

"Mwanangu, ulipokuwa ukiyaona haya kule, ulikuwa na nani?"

Saquina akaivaa tena saa, akaifunga kamba yake bila kuinua macho.

"Anaitwa nani?" mama akauliza taratibu.

Saquina akalitaja jina, jina la Kijerumani. Mama akajaribu kulitamka, likamshinda, akajaribu tena.