Mkubwa wa Poste

"Tuyaache, Sonia," Mzee Melchior alimwambia binti yake, akihangaika na kifungo cha koti. "Shahidi wa nini?"

Sonia hakumsikiliza. Afisa wa wakimbizi kule Mbarara alikwishasema wazi: asipopatikana mtu wa kuthibitisha kazi aliyofanya baba yake nchini kwao, faili yao ya kwenda Kanada itafungwa. Vyeti viliungua vyote. Na mzee huyu, kwa kiburi chake cha kijinga, hakutaka kumwomba mtu yeyote.

Kazi yenyewe kambi nzima ya Nakivale ilikwisha kuisikia. Alianza kwa kugonga mihuri, akapanda hadi kuwa mkurugenzi wa posta ya nchi nzima. Sonia alilelewa kwa bibi yake, mbali na mji mkuu, lakini masimulizi ya baba yake aliyashika yote, na alijivuna nayo mpaka majirani wakamchoka.

Basi akazunguka mwenyewe kwa Warundi wenzake, akiuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Munamujua Melchior, mukubwa wa poste?"

Wengi walitikisa kichwa. Mjane mmoja, Godeberthe, muuza mawese, aliacha kupima mafuta.

"Mukubwa wa poste? Namujua muzuri."

"Utakuja kusema kule Mbarara, mama?"

"Nitakuja, mwanangu. Hata kwa miguu."

Sonia nusura alie kwa furaha.

Siku ilipofika, Godeberthe alikaa mbele yao ofisini, mikono mapajani. Melchior alikodolea sakafu macho, jasho likimtoka. Sonia aliona aibu. Mtu amekuja kukuokoa, hata salamu humpi!

"Mama, wewe najua huyu mzee?" afisa aliuliza kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Alikuwa nani?"

"Alikuwa mukubwa wa poste. Nilimuona na macho yangu."

Afisa aliandika. Sonia aliushika mkono wa baba yake, akaubana kwa furaha.

"Sawa. Na hapo posta wewe ulienda kufanya nini? Kutuma barua?"

Godeberthe alimkazia macho, kama hakulielewa swali.

"Barua gani? Mimi nasema poste ya maaskari, ile ya barabarani, pale kwa daraja. Basi yetu ilisimamishwa. Huyu aliingia, akanyoosha kidole kwa bwana yangu, akasema ashuke. Sisi wengine alituacha tuende."