Jiwe la Somoe

Mgeni kutoka mji wenye mitambo aliwaambia wanaume barazani kwamba mashine ya kusaga waliyotaka kuletewa kijijini ingewaharibia maisha. "Kwetu tuna kila kitu, ila hatuimbi. Wake zenu husaga wakiimba!"

Wanaume wakakubaliana kuikataa.

Ndipo Somoe alipokuja na jiwe lake la kusagia, akalitua miguuni pa mgeni, akalimwagia mtama.

"Saga basi, bwana mgeni. Na uimbe."

"Somoe, unatuaibisha," mumewe akanong'ona.

"Kunja mikono ya kanzu. Akimaliza yeye, zamu yako."

Mgeni akapiga magoti, akasukuma. Jasho lilitoka, wimbo haukutoka. Wanawake wakaja na mawe yao, wakayaweka mbele ya waume zao, kisha wakakaa chini, mikono mapajani, wakisubiri chakula.