Kakakuona na Kitabu cha Mitego

Wanyama wa msitu mmoja walichanga asali na karanga, wakamlipa Nungunungu awaandikie kitabu cha kujinasua mitegoni. Baraza likaamua kila mwenye mtoto akisome bure. Akakabidhiwa Kakakuona akitunze, yeye ambaye hata upepo ukimgusa hujikunja. Naye akakifungia sandukuni.

Mama Digidigi akaja na wanawe. "Shikamoo, mzee. Tumekuja kusoma."

"Marahaba. Kwa kwato hizo zenye matope? Kitabu bado kipya!"

Siku ya tatu Kakakuona akanaswa na mtego wa kitanzi. Wanyama wakamjia mbio.

"Kitabu kinasemaje?" Mama Digidigi akauliza.

"Nitajuaje? Sijakifungua, nisije nikakichafua!" Akamtupia ufunguo. "Na wewe futa kwato kwanza!"

Mama Digidigi hakufuta. Alikileta kitabu, akafunua ukurasa wa kwanza, usio na doa hata moja, akasoma kwa sauti: "Ukinaswa, usijikunje. Unavyozidi kujikunja, ndivyo kitanzi kinavyozidi kukaza."

Kakakuona, aliyekuwa amejiviringisha kama chungwa, akajinyoosha taratibu. Kitanzi kikalegea.

Tangu hapo sanduku halina kufuli, na kitabu kina madoa kila ukurasa. Doa kubwa kuliko yote liko ukurasa wa kwanza, nalo ni la Kakakuona mwenyewe.