Somo Jekundu

Somo moja tu lilikuwa jekundu, na mkuu mpya wa ofisi hakupendezwa nalo.

Kozi nzima ya uhandisi wa madaraja ilionyeshwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano, kijani juu hadi chini isipokuwa hilo. Kazi ya ofisi ile ilikuwa kupima kama kozi ngumu za mtandaoni zinawafaa wanafunzi, na iliipima kwa rangi. Wanafunzi wakilisikiliza somo mara moja na kufaulu, kijani. Wakilirudiarudia, nyekundu: hawaelewi. Masomo yenyewe hakuna aliyeyafungua. Nani ana muda huo?

"Hili la mtetemo," mkuu alisema, "kuna mwanafunzi anarudia kipande kimoja mwaka mzima. Kilekile. Na mtihani hajaugusa."

Akacheka kidogo, akasema ama kichwa cha huyo mtu ni kigumu, ama mwalimu alikuwa anabahatisha. Alikuwa amehamishiwa pale juzijuzi na bado alichanganya majina ya watu, lakini kwa rangi hakukosea.

Mtathmini wa kozi ile, mama wa makamo ambaye mikutanoni husema akiulizwa tu, alisema mwalimu hakuwa akibahatisha. Alisema kwa ukali uliomshangaza hata yeye mwenyewe.

"Basi mwite arekodi upya, dada."

"Alishafariki."

Mkuu akasema Mungu amrehemu, kisha akaamua: somo lifutwe, atafutwe mwalimu mwingine. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mtathmini akaomba kwanza azungumze na huyo mwanafunzi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Akampa mpaka ofisi ifungwe.

Mtathmini alirudi chumbani kwake akafunga mlango. Hasira zilimpanda, zikashuka, zikamwachia woga. Chuo kilichorekodi kozi ile kilikuwa kimeshatupa mitambo yake ya zamani, na nakala nyingine haikuwepo popote. Likifutwa hapa, limekwenda.

Jioni mkuu alichungulia mlangoni, mkoba begani, akauliza kama amempata mwanafunzi wake.

"Nimempata."

"Anakwama wapi?"

"Hakwami. Anasema somo halina kasoro."

Mkuu akatikisa kichwa kwa huruma. "Mtu aliyeelewa harudii mwaka mzima, dada yangu. Futa, ukapumzike."

Kwa vipimo vyao, ambavyo mtathmini mwenyewe alikuwa akivitumia miaka yote, mkuu alisema kweli. Mtathmini akamsikiliza akishuka ngazi, akimuaga mlinzi, akienda zake.

Ndipo akalifungua somo. Mwalimu alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akieleza kwa nini daraja huyumba watu wengi wakilivuka kwa hatua za pamoja. Nyuma yake mlango ukalia. Akageuka, akaisahau hesabu yake, uso mzima ukamchangamka.

"Mke wangu, narekodi."

"Samahani, baba watoto," ikasema sauti ya mwanamke asiyeonekana. "Nilidhani umemaliza."

Mtathmini akarudisha nyuma kidogo, kipande kilekile, akaisikiliza tena sauti yake mwenyewe ikiomba radhi.