Dume kwa Dume

Haya, nakutegea, na usikimbilie kujibu. Mbwa wawili, madume wote, mmoja yuko mgongoni kwa mwenzake. Mgonjwa ni yupi?

Verediana wa Nyololo alikimbilia.

Mwaka wa hamsini na sita kichaa cha mbwa kiliingia Mufindi. Bwana mifugo alifika na bunduki, akasimama uwanjani kwa jumbe, akauliza nani ameona mbwa mwenye vituko.

"Kamwene, bwana," Verediana akasalimia, kisha akamnyooshea kidole jirani yake Eliezeri. "Ni Sajini wa huyu. Leo siku ya tatu anampanda Msiri wangu. Dume kwa dume!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Msiri alikuwa mbwa aliyeachiwa na marehemu mumewe. Ndiye pekee aliyebaki wa kuongea naye jikoni.

"Shemeji," Eliezeri akasihi, "huo ni ubabe tu. Mbwa akimwona mwenzake amelegea, humpanda ajue nani mkubwa. Sajini ndiye ananifukuzia nguruwe shambani. Huyu ni mzima! Sasa nikuulize, mgonjwa ni yupi?"

"Ni wako! Mzima gani anapanda dume mwenzie?"

Risasi ilikuwa moja. Sajini alikufa akitikisa mkia, alidhani ameitwa.

Verediana alimkuta Msiri nyuma ya kihenge, taya limelegea, uji wa jana haujaguswa.

"Basi, baba. Hatakuonea tena. Mfupa umekukwama, eh?"

Akampakata, akaingiza mkono mpaka kooni, akapapasa. Hakupata mfupa. Jino lilimkwaruza kidole, kidogo tu, akajifuta kwa kanga.

Kesho yake Msiri hakuamka. Verediana akamzika nyuma ya nyumba, huku akimlaani Sajini aliyemnyong'onyeza.

Mahindi yalipoanza kukauka, Eliezeri aliona siku mbili jirani yake hatoki nje. Akasahau kinyongo, akaingia kumjulia hali. Alimkuta kitandani, midomo imepasuka kwa kiu. Akamchotea maji kwenye kikombe.

Verediana alipoyaona tu, koo likamkaba. Akakipiga kikombe, kikagonga ukuta.

Eliezeri alirudi nyuma hatua moja, macho kwenye kidole chenye kovu la jino, ambacho Verediana alikuwa akikikuna.

"Shemeji," Verediana akanong'ona, "uliniuliza mgonjwa ni yupi. Ni wangu."